Wikendi ya matembezi Bagamoyo: mwongozo wa mratibu anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mwezi. Twende lini? Tulale wapi? Kila mtu atoe shilingi ngapi? Na je, kutoka mjini hadi kwenye magofu ya Kaole kwa ufukweni kunatembeka kweli? Kuyajibu moja moja kwa sauti za WhatsApp kumenichosha, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Nimechukua Bagamoyo kwa sababu ndiko ninakoshauri kikundi cha Dar es Salaam kianzie. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi, lami mwanzo mwisho, na ukishafika karibu kila kitu cha kutazama kinafikika kwa miguu.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote: ratiba ya matembezi ya pwani hupangwa na maji. Waratibu wapya wengi huanza na hoteli, bahari wanaikumbuka wakiwa wameshalipa kianzio. Wewe anza na bahari.

Kabla hujatangaza safari, uwe na hivi

- Watu 12 hadi 28. Wakipungua hapo, gharama ya gari inauma. Wakizidi, hutaweza kuwatupia macho wote wakiwa wametawanyika ufukweni.
- Muda wa wiki sita kuanzia tangazo hadi siku ya kuondoka.
- Mweka hazina ambaye si wewe. Hili halina mjadala.
- Jedwali la maji kupwa na kujaa. Zipo programu za simu za bure. Chagua kituo cha Dar es Salaam au Zanzibar, tofauti na Bagamoyo ni ndogo.
- Mwenyeji wa Bagamoyo, yaani mtembeza wageni mwenye kitambulisho, anayeujua ufukwe na kuzijua njia za Kaole.
- Orodha ya majina yenye simu ya ndugu wa karibu wa kila mtu, na maradhi yanayohitaji uangalizi: kisukari, pumu, presha. Orodha hiyo ikae kwa watu wawili, isibandikwe kwenye kundi.
- Sanduku la huduma ya kwanza: plasta za kutosha (hizo ndizo huisha kwanza), bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, kibanio cha kutolea miba, dawa ya maumivu, paketi kadhaa za ORS.

Kila mtembeaji ajibebee maji lita 2, kofia pana, losheni ya jua, filimbi, tochi ndogo, kanga au kikoi, raba za kutembelea na sandali za kufunga na mikanda. Ndala hapana. Zitabaki kwenye matope ya mikoko, na mwenye ndala atabaki nazo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, hivyo vyakula vya njiani viingie kwenye kikapu au makopo, na taka mtarudi nazo kwenye kiroba.

Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa kuangalia mwezi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo safari nyingi huharibikia.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kila siku kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndio wakati wa bamvua: maji hupwa mbali sana na hujaa sana, tofauti ikapita mita 3. Siku hizo, katika pwani ya Dar, Bagamoyo na Unguja, maji huwa yamepwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni. Juma moja baadaye mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti inakuwa ndogo na saa zimegeuka, saa 4 asubuhi bahari imejaa.

Sasa tumia hayo. Tuseme mwezi mpevu umeangukia Jumapili. Asubuhi hiyo saa 1 maji yako nusu na yanaendelea kutoka. Mkianza kutembea muda huo, kila hatua mbele yenu ufukwe unapanuka, na mtamaliza kabla jua halijakolea. Ndiyo maana napenda wikendi ambayo mwezi mpevu au mwandamo unaangukia Jumamosi hadi Jumatatu. Ukiangukia Ijumaa, Jumapili maji yatapwa kabisa kwenye saa 5 na nusu hivi. Bado inawezekana, ila mtaanza saa 2 na jua litawapata njiani. Kama wikendi pekee mliyo nayo ni ya maji mafu, geuza ratiba: ufukwe uwe Jumamosi kuanzia saa 9 alasiri, mji uwe Jumapili asubuhi.

Onyo kuhusu bamvua: maji yanayokwenda mbali ndiyo hayohayo yanayorudi hadi kwenye mizizi ya miti. Ufukwe mliotembea kwa raha saa 3 asubuhi, saa 10 jioni huenda haupo. Usipange matembezi ya machweo ya ufukweni siku ya bamvua.

Onyo jingine la kuchekesha mpaka likukute. Simu huandika 10:00 ikimaanisha saa 4 yetu. Ukibandika picha ya jedwali kwenye kundi bila maelezo, kuna atakayekuja saa 10. Andika hivi: "Tunaanza saa 1 kamili asubuhi, yaani 7:00 ya kwenye simu."

Kuhusu majira, Juni hadi Septemba ndiyo raha, kusi linavuma na joto limepungua. Machi hadi Mei ni masika, achana nayo. Desemba hadi Februari inawezekana kama mtaamka mapema zaidi. Angalia pia kama wikendi haijaangukia Ramadhani, kwani mchana sehemu nyingi za kula zitakuwa zimefungwa, au siku za tamasha la sanaa la TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambapo vyumba huwa vya kugombania.

Hatua ya 2: Kusanya pesa kabla ya majina

Ukiuliza "nani anakuja?" watu arobaini wataandika "nipo". Usihesabu "nipo". Hesabu miamala. Sheria yangu ni moja na naitangaza siku ya kwanza: asiyelipa kianzio hajathibitisha, hata akiwa shemeji yangu.

Gharama zigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile zisizobadilika hata mkipungua: gari, mwenyeji, chakula na malazi ya dereva. Fungu la pili ni za kichwa kwa kichwa: chumba, milo, viingilio. Makosa hufanyika kwenye fungu la kwanza. Kwa namba za mfano tu, kama fungu hilo ni shilingi 600,000 na umegawa kwa watu 20, kila mmoja ni 30,000. Wanne wakijitoa, inakuwa 37,500, na hakuna atakayekubali kuongeza siku mbili kabla ya safari. Kwa hiyo wakijiandikisha 20, gawa kwa 16. Juu yake weka asilimia 10 ya dharura, na waambie watume na ya kutolea. Makato ya kutoa pesa ya watu ishirini si mchezo.

Sema mapema pia nini kitarudishwa mtu akijitoa. Mimi narudisha fungu la pili kama hoteli imekubali kufuta chumba. Fungu la kwanza halirudi.

Hatua ya 3: Vyumba, kisha gari

Bagamoyo kuna hoteli za ufukweni, nyumba za wageni za mjini na hosteli za taasisi za dini. Kikundi cha matembezi hakihitaji bwawa la kuogelea; kinahitaji maji ya kuoga yasiyokatika, kifungua kinywa kinachotoka mapema na sehemu ya kuanikia viatu. Kabla ya kulipa, uliza haya:

1. Je, kuna vyumba vya vitanda viwili? Nyumba nyingi za wageni haziruhusu watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, na mtaambiwa hivyo mkiwa mapokezi na mabegi mkononi. Pata jibu kwa maandishi.
2. Je, Jumapili chai inaweza kuwa mezani saa 12 asubuhi? Jikoni wakikataa, omba mayai ya kuchemsha na chapati ziachwe tangu usiku.
3. Je, Kosta ina pa kulala?

Gari: Kosta inatosha. Kubalianeni kwa karatasi muda wa kuondoka na kurudi, mafuta ni ya nani, na dereva anakula na kulala kwa gharama ya nani. Gari linalotolewa nje ya njia yake ya kawaida huhitaji kibali, hivyo mwenye gari akishughulikie mapema. Usikubali kuambiwa "tutaongea na trafiki". Mtaongea naye kweli, Bunju, saa nzima, watu wakiwa juani.

Hatua ya 4: Nenda ukaipite njia mwenyewe

Nenda wiki mbili kabla ya safari. Nimesema wiki mbili makusudi: bamvua hurudi kila baada ya siku 14 au 15, kwa hiyo utaikuta bahari ikifuata karibu saa zilezile mtakazozikuta siku yenyewe. Ukienda wiki moja kabla, utaona bahari nyingine kabisa, iliyojaa wakati unataka iwe imepwa, na utarudi umeahirisha safari bure.

Tembea na mwenyeji wako. Weka alama kwenye simu: mahali pa kuachia ufukwe kabla ya mikoko ya Kaole, mahali penye kivuli, choo, duka la maji, na sehemu mbili ambazo gari linaweza kufika likimbeba mtu. Zungumza na uongozi wa magofu kuhusu viingilio: raia, mkazi na mgeni hulipa tofauti, na uliza kama wanapokea taslimu au mnalipia kwa namba ya malipo. Watu ishirini kusimama getini wakisubiri mtandao urudi ni nusu saa ya asubuhi yenu imekwenda.

Hatua ya 5: Jumamosi, barabara na mji

Ondokeni Mwenge saa 12 asubuhi. Atakayechelewa ana daladala. Usisubirishe watu ishirini kwa ajili ya mtu mmoja mara ya kwanza, kwani mara ya pili watachelewa wote. Mkifika, wekeni mizigo, pumzikeni, kuleni. Msitembee mchana.

Saa 9 alasiri anzeni Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha mrudi kuelekea mjini na baharini. Misheni ndiko ulikofikishwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Mkiwa hapo wape watu dakika tano wautafute mnyororo kwenye mbuyu. Inasemwa ulikuwa wa kufungia punda, mti ukanenepa ukaumeza, na sasa kimebaki kipande kifupi cha chuma kinachochungulia nje ya gome. Wanaotembea kwa kutazama simu hupita bila kukiona.

Kutoka hapo ni Ngome Kongwe, milango ya nakshi ya mji wa zamani, na Boma la Wajerumani la mwaka 1897, lililojengwa baada ya makao makuu ya koloni kuwa yameshahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Malizieni soko la samaki. Vituo vinne vinatosha kwa maelezo ya historia. Baada ya hapo watu hawasikii tena, wanasikia harufu ya pweza.

Mjini watu wajisitiri. Nguo ya kuogelea ni ya kuogelea. Mtu akitoka ufukweni ajifunge kanga. Wavuvi na akina mama wa sokoni waombwe kwanza kabla ya kupigwa picha, na akisema hapana ni hapana.

Usiku, kabla ya kulala, toa maelezo ya kesho kwa dakika kumi. Taja wazi nani anatangulia na nani anafunga msafara. Mfunga msafara ndiye mwenye sanduku la dawa, na hakuna anayebaki nyuma yake, hata wa kujisaidia.

Hatua ya 6: Jumapili, ufukweni hadi Kaole

1. Hesabu watu. Tamka namba kwa sauti ili kila mtu aijue.
2. Anzeni saa 1, mkielekea kusini na bahari mkono wa kushoto. Ni kama kilomita 5 hadi Kaole, lakini kilomita ya mchanga si kilomita ya lami. Weka saa mbili za mwendo pamoja na vituo.
3. Kanyageni mchanga uliokoza rangi, ule ambao maji yametoka punde na mguu unaacha alama ndogo tu. Mchanga mkavu wa juu unameza mguu hadi kifundoni na utamaliza nguvu za watu mapema. Wa chini kabisa, unaong'aa na kutikisika ukiukanyaga, ni tope lililofunikwa; rudini juu hatua kumi.
4. Ufukwe umeinama, kwa hiyo mguu wa upande wa bahari unakwenda chini zaidi ya mwenzake. Mwenye goti baya ataanza kulalamika mapema. Mpeleke juu kidogo, penye usawa.
5. Simameni kila baada ya dakika 30, mnywe maji na mhesabiane. Anayesema hana kiu anywe pia.
6. Msigawanyike. Ufukwe kati ya mji na Kaole una sehemu zisizo na watu, na si mahali pa kutembea wawili wawili na simu mkononi. Vitu vya thamani vibaki hotelini.
7. Mkiona mikoko imeziba mbele, tokeni ufukweni pale mlipoweka alama. Usimsikilize anayesema "tukatize tu". Ndani ya mikoko mizizi imesimama kama misumari, tope linafika magotini, na maji huingia kwa nyuma kupitia vijito kabla hamjayaona yakija kwa mbele.
8. Kaole vueni mwendo wa mazoezi. Pana mabaki ya misikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa karne nyingi zilizopita, tangu enzi ambazo meli zilifika hapo kabla mikoko haijatawala bandari. Makaburi hayakaliwi, hayapandwi, na hayaegemewi kwa kupiga picha.
9. Kurudi, kikundi kipya kipande gari, likiwa limewasubiri Kaole. Wenye nguvu warudi kwa barabara ya kijijini pamoja na mwenyeji. Kwa ufukweni msirudi, kwani saa hiyo jua limewasimamia utosini na maji nayo yanakaribia kugeuka.

Watakaouliza kuhusu upande wa kaskazini: huko kuna mashamba ya chumvi, mikoko na mdomo wa Mto Ruvu, na mto huo hauvukwi kwa miguu. Si njia ya kikundi kinachoanza.

Hatua ya 7: Kurudi

Ogeni, kuleni, mwe ndani ya gari saa 8 mchana. Chakula cha watu wengi agizeni tangu Jumamosi usiku, aina mbili tu, vinginevyo wa mwisho atapata sahani yake wa kwanza akiwa ameshalala kwenye kiti. Mkichelewa kuondoka, foleni ya Jumapili jioni kuanzia Bunju hadi Mwenge itakula mapumziko yote mliyoyafuata.

Mambo yakienda mrama

*Maji yanapanda na bado mko ufukweni.* Pandeni juu mara moja, penye miti au ukuta, tafuteni njia ya kutokea barabarani. Msijaribu kukimbizana na maji kuzunguka jiwe au kona. Kijito kilichokuwa cha vifundoni asubuhi kikishafika mapajani, hakivukwi.

*Mtu ana kizunguzungu, ameacha kutoka jasho au anaongea ovyo.* Hilo ni joto, na ni dharura. Kivulini, nguo zilegezwe, maji mwilini na kitambaa chenye maji shingoni na kwapani, anywe ORS kidogo kidogo kama ana fahamu. Wakati huohuo gari liitwe, aende hospitali ya wilaya iliyopo mjini. Namba ya dharura ni 112.

*Amekanyaga samaki aitwaye taa au mdudu mwenye miba.* Mguu uwekwe kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kisha hospitali. Miba iliyovunjikia ndani msiichokonoe kwa pini. Kinga yake ni sandali ndani ya maji, na kutembea kwa kuburuza nyayo ili taa ashtuke aondoke.

*Malengelenge.* Yazibwe kwa plasta yakiwa bado ni wekundu tu. Mtangazie kila mtu asimame anapohisi mchomo wa kwanza, asione haya.

*Mtu haonekani kwenye hesabu.* Kikundi kizima kisimame. Wawili, mmoja akiwa mwenyeji, warudi hadi mahali alipohesabiwa mwisho, wakipiga filimbi. Wengine wote wabaki palepale, maana ukitawanya watu kumi kumtafuta mmoja utakuwa umepoteza kumi na mmoja.

*Mvua imeanza tangu usiku.* Futa ufukwe. Nendeni Kaole kwa gari, kisha mtembee kijijini mvua ikikatika. Vijito vinavyomwaga maji baharini hujaa haraka na maji yake ya kahawia hayaonyeshi kina.

*Gari limeharibika.* Mabasi ya Bagamoyo na Dar yapo mchana kutwa. Pandisha watu kwa makundi, kila kundi na kiongozi mwenye nauli ya wote mkononi, na hela hiyo itoke kwenye ile asilimia 10.

*Hesabu haifungi.* Mweka hazina atume matumizi yote kwenye kundi kabla ya Jumatano, risiti zikiwa zimepigwa picha. Pakiwa na upungufu, mratibu asifidie kimyakimya kutoka mfukoni mwake. Ugawanywe kwa waliokwenda. Ikibaki chenji, watu waulizwe kama irudishwe au iwe kianzio cha gari la safari ijayo.